Kilimo hai si permakalcha, na kihamba ni kihamba

Siku hizi mgeni akipandishwa Materuni, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, au vijiji vya juu ya Tengeru, kwenye Mlima Meru, akaonyeshwa migomba, kahawa na banda la ng'ombe (shamba la nyumbani ambalo Wachagga hulita kihamba), anaambiwa kwamba hapa wanalima kilimo hai. Sentensi inayofuata inasema ni permakalcha. Akiuliza tofauti, anajibiwa kwamba ni kitu kimoja: kulima bila dawa. Jibu hilo limerudiwa mno, na linawapunja wakulima wenyewe.

Kwa kifupi, kilimo hai ni kilimo kinachofuata kanuni zilizoandikwa kuhusu kutunza udongo na kuhusu kinachoruhusiwa kuingia shambani, na kuna mtu anayekagua. Permakalcha ni namna ya kupanga makazi na shamba ili maji, mifugo, miti na watu vitegemezane. Iliasisiwa na Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, miaka ya 1970.

Sasa hilo la "bila dawa". Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai tangu 2007, pamoja na alama ya Kilimohai inayobandikwa kwenye bidhaa. Viwango vya aina hii havikatazi kila kinachopulizwa. Pareto inaruhusiwa, mwarobaini unaruhusiwa, na dawa za shaba zinaruhusiwa kwa masharti. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinakubali shaba isiyozidi kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka 7. Kwa hiyo mkulima wa kahawa aliyebeba bomba mgongoni akipambana na ugonjwa wa kutu ya majani anaweza kuwa ndani ya kilimo hai kabisa.

Na jirani yake ambaye hajapuliza chochote anaweza kuwa nje. Kama hakununua mbolea kwa sababu hela haikupatikana, samadi hana, na masika yanaondoka na udongo kila mwaka, huyo amekosa pembejeo. Kilimo hai kinadai kazi: kutengeneza mboji, kuzungusha mazao, kuzuia mmomonyoko, kuweka kumbukumbu. Kinadai na subira, maana ukiacha kemikali leo kahawa yako haiwi ya kilimo hai kesho. Kwa soko la Ulaya, mazao ya kudumu kama kahawa husubiri miaka 3. Kumwita kila asiye na uwezo wa kununua mbolea "mkulima wa kilimo hai" ni kufuta jasho la waliopitia njia hiyo yote.

Tofauti na permakalcha unaiona hata kwenye cheti. Cha kilimo hai hutolewa kwa uzalishaji: shamba, kikundi cha wakulima, zao fulani. Cheti kinachojulikana cha permakalcha hupewa mtu aliyemaliza kozi ya saa 72 ya kubuni mpangilio. Hakisemi lolote kuhusu ndizi unazouziwa.

Tuje kwenye kihamba chenyewe, ambacho ndicho mgeni anakiona. Juu kuna miringaringa na migrivilea, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, kisha magimbi na maharage. Ng'ombe yuko bandani. Analetewa majani na migomba iliyokatwa, na samadi yake inarudi kwenye mashina ya migomba. Mimea ya isale inaonyesha mpaka na jirani, na mfongo, yaani mfereji, unateremsha maji kutoka juu. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikitambua kilimo hiki, kupitia kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Mwalimu wa permakalcha akifika hapo ataona mengi anayofundisha. Lakini Wachagga hawakukitoa kwenye kozi. Kahawa ilipoletwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, ilikuta migomba ikisubiri kuipa kivuli.

Hata hivyo, mpangilio huo mzuri haukifanyi kihamba kuwa cha kilimo hai. Kahawa ya vihamba imepuliziwa dawa za viwandani kwa miongo mingi, wazee watakueleza wakiulizwa. Familia nyingi zina pia shamba la mahindi tambarare, ambako mgeni hapelekwi, na tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini 2017 huko mabomba hayapumziki. Kinyume chake nacho kipo: shamba kubwa la zao moja, mistari imenyooka, mti wa kivuli hakuna, na cheti cha kilimo hai ni halali. Moja halikupi jingine.

Basi anayewaongoza wageni aanze na jina ambalo mwenye nyumba analitumia: kihamba, na kwa Wameru jina lao. Kama kijiji kina cheti cha kilimo hai, ataje ni cha zao gani na kimetolewa kwa nani. Kama hakina, si aibu. Aseme tu mama huyu anatumia samadi na hapulizii mboga zake, ikiwa ndivyo ilivyo. Permakalcha aitaje pale ambapo kuna mtu aliyejifunza akapanga shamba lake kwa hiyo. Na swali la kwa nini gimbi limepandwa pale kando ya mfongo, amwachie mwenye kihamba alijibu, yeye atafsiri.