Tumbo kufunga na utumbo kuziba si kitu kimoja

Kwetu Unguja na Pemba, mtu akikaa siku tatu hajapata haja kubwa tunasema tumbo limefunga. Maneno hayo hayo tunayatumia kwa maradhi mengine kabisa: utumbo kuziba. Tumbo lililofunga aghalabu hulainika kwa papai na maji ya kutosha. Utumbo ulioziba unaweza kuua.

Utumbo mwembamba peke yake una urefu wa karibu mita 6. Ukiziba pahala, chakula, maji na upepo hujaa nyuma yake, nao huzidi kusukuma. Ndiyo maana maumivu hukamata, yakaachia, yakakamata tena. Tumbo huvimba, mgonjwa hutapika, pengine matapishi ya kijani. Basi usimuulize choo tu, muulize na upepo: unatoka? Najua watu huona haya, hasa mtu na mkwewe, lakini kwa daktari jibu hilo ni kubwa.

Kwa watu wazima, mara nyingi chanzo ni makovu ya ndani baada ya kupasuliwa, hata kwa uzazi wa miaka mingi nyuma, au ngiri iliyonasa. Utumbo pia hujisokota, au hubanwa na uvimbe. Kwa mtoto mchanga huweza kujiingilia wenyewe, kama mkono wa kanzu uliopinduka ndani. Mtoto hulia kwa vipindi, hukunja miguu, na choo chake hutoka na damu. Minyoo nayo, ikiwa mingi, hujifunga bonge. Vidonge wanavyogaiwa watoto skuli visidharauliwe.

Ninachokiogopa zaidi ni haluli, yaani dawa ya kuendesha tumbo. Sanamaki au mafuta ya mbarika huulazimisha utumbo kusukuma palipozibwa, na unaweza kutoboka. Na utumbo uliosokotwa hukosa damu, ukafa kwa saa chache tu. Maumivu yakiacha kuachia, yakawa ya moja kwa moja, hapo hakuna kungoja asubuhi.

Hospitali, iwe Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee kule Mkoani, mgonjwa hazuiwi chakula kwa ukatili. Hutiwa dripu, hupitishwa mpira puani ushuke hadi tumboni kutoa yaliyojaa, na hupigwa picha. Kuziba kwa makovu mara nyingi hufunguka kwa njia hiyo bila kisu. Utumbo uliosokotwa au ngiri iliyokaba hupasuliwa haraka. Dawa ya minyoo hungoja mpaka njia ifunguke.

Njiani asipewe kitu mdomoni, hata uji. Asomewe dua, kombe, yale maji ya aya za Kurani, lisubiri mpaka daktari aruhusu kunywa.