Kufunua ukurasa mmoja, si kurasa mbili

Watu wakiiona mashine yangu ya kuskani vitabu, huuliza kwanza kamera ni ya aina gani. Kamera ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko vyote. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508, hata megapikseli 9 hazitimii. Kamera kuukuu inatosha. Kilichonikosesha usingizi ni kufunua ukurasa, mmoja tu, bila mkono wa mtu.

Kitabu hulala kwenye kitanda cha plaiwudi chenye umbo la V, nyuzi 90, mgongo wake usije ukapasuka kwa kulazimishwa kulala bapa. Kioo cha umbo hilohilo hushuka na kunyoosha kurasa. Kamera ya kushoto hupiga ukurasa wa kulia, ya kulia hupiga wa kushoto. Kitanda nimekiweka juu ya reli za droo, kwa sababu kurasa zikiendelea kufunuliwa upande mmoja hunenepa na mwingine hukonda, na mgongo huhama. Kisipoteleza kuufuata, kioo kitaukanyaga. Kioo chenyewe kinaning'inia kwa kamba na puli, na upande wa pili nimefunga chuma cha uzito unaokaribia wake. Mota haibebi, inasukuma tu, na umeme ukikatika (kwetu hukatika) kioo hakikiangukii kitabu.

Sasa ukurasa. Nilianza na mashine ya kufyonza vumbi, bomba likishika kona ya juu. Zikaja kurasa mbili, mara nyingine tatu. Karatasi nyepesi hupitisha hewa, kwa hiyo mvuto mkali huvuta hata ya chini yake, na unyevu wa pwani huzigandamanisha zaidi. Dawa ilikuwa kupunguza nguvu: nilitoboa tundu ubavuni mwa bomba, nikaliziba nusu kwa utepe mpaka mvuto ukatosha karatasi moja. Kisha kona hukunjwa taratibu huku feni ndogo ikipuliza ukingoni. Mafundi wa mashine za uchapaji za ofseti wanaujua ujanja huu, kwani mashine zao nazo hupuliza na kufyonza ili karatasi ziachane.

Kwenye nyaya nilipoteza siku tatu nikitafuta kosa ndani ya programu. Kila kifyonzavumbi kilipozimwa, Arduino, kompyuta ndogo inayoiongoza mashine, ilijiwasha upya. Mota ya kifyonzavumbi ni ya brashi, na relei (swichi inayowashwa kwa umeme) ikiikata, cheche huzaa mtikisiko wa umeme unaosafiri hadi kwenye nyaya nyembamba. Nikatenganisha pawasapulai ya mota na ya Arduino, nikaweka kapasita ya mikrofaradi 100 kando kabisa ya draiva ya A4988, bodi ndogo inayoendesha mota ya kioo, na nyaya za swichi za kikomo, zinazosimamisha kioo kikifika mwisho, nikazisokota. Swichi hizo nimezifunga ziwe zimeungana mpaka zibonyezwe: waya ukikatika, mashine husoma "simama". Ukizifunga kinyume, waya uliokatika utaonekana kama njia nyeupe, na kioo kitaendelea kushuka. Jambo jingine: usichomoe waya wa mota draiva ikiwa na umeme. Nimeunguza mbili hivyo.

Kurasa pacha bado hutokea. Kila baada ya picha, programu husoma namba ya ukurasa. Ikikuta 58 baada ya 55, mashine husimama na kupiga mlio, nami nanyanyuka kwenda kuzitenganisha kwa kucha.