Uzalendo katika ushairi wa kale wa Vietnam: maana yake ni nini?

Wasomi wa fasihi ya Vietnam wanapotaja uzalendo katika mashairi ya enzi za kati, hawamaanishi bendera wala wimbo wa taifa. Wanazungumzia tungo za karne ya 11 hadi ya 15 hivi, wakati nchi ikiitwa Đại Việt, na watunzi wengi walikuwa majemadari, wafalme na maofisa wa ikulu. Walichokipenda watu hao kilikuwa milima na mito ya nchi yao, pamoja na kiti cha enzi kilichoilinda. Kumtii mfalme na kuipenda nchi yalihesabiwa kuwa jambo moja, na Wavietnam wana msemo wake: trung quân ái quốc. Kwa nini mambo hayo mawili yalishikamana, na nini kilitokea yalipoachana, ndiko utamu wa mada hii uliko.

Kwanza historia kidogo. Kwa karibu miaka elfu moja, tangu mwaka 111 KK, eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Vietnam lilitawaliwa na Wachina. Mwaka 938 Ngô Quyền aliziangamiza merikebu zao katika mto Bạch Đằng kwa nguzo zenye ncha za chuma zilizochimbiwa mtoni. Maji yalipojaa zilifichika, yalipokupwa zikatokeza na kuzitoboa merikebu. Baada ya hapo uhuru ulipatikana, lakini jirani hakuacha kurudi. Walikuja Wasong, jeshi la nasaba iliyotawala China wakati huo, wakaja Wamongolia mara tatu (1258, 1285, na 1287 hadi 1288), kisha Waming, wa nasaba nyingine ya China, wakaikalia nchi kuanzia 1407 hadi 1427. Mashairi haya ni ya watu ambao kila kizazi au viwili kililazimika kupigana vita ile ile.

Shairi linalotajwa kwanza ni Nam quốc sơn hà, lenye mishororo minne, kila mmoja mizani saba. Linahusishwa na mwaka 1077, jeshi la Wasong lilipozuiwa kwenye mto Như Nguyệt na jemadari Lý Thường Kiệt. Masimulizi yanasema usiku askari walisikia sauti ikilighani kutoka hekalu la kando ya mto. Wengi humtaja jemadari kuwa ndiye mtunzi, ingawa masimulizi yenyewe hayasemi hivyo, na wataalamu bado wanabishana. Kwa Kiswahili lingekuwa hivi:

Milima na mito ya Kusini, humo akaa mfalme mkuu wa Kusini;
mipaka yake imekatwa wazi katika kitabu cha mbinguni.
Inakuwaje nyinyi waasi mje kuivamia?
Ngojeni, mtajionea mnavyoangamia.

Litazame kwa makini. Hakuna neno la mapenzi ndani yake, hakuna mama nchi, hakuna damu ya mababu, na raia hawatajwi hata kidogo. Ni kama mtu aliyetoa hati ya shamba mbele ya jirani mvamizi, ila hati hii imetiwa sahihi na mbingu. Ujasiri wake uko mahali pawili. Kwa itikadi ya Wachina, chini ya mbingu palikuwa na mfalme mkuu mmoja tu, naye alikaa kwao. Watawala wengine wote walikuwa wafalme wadogo chini yake. Shairi linasema wapo wawili. Halafu linawaita wanajeshi wa Song waasi, jina ambalo Wachina walizoea kuwabandika wengine. Atakayevuka mpaka ndiye anayeiasi mbingu. Hoja imechukuliwa kutoka kwa adui na kurudishwa kwake ikiwa na makali mapya.

Tena imetungwa kwa Kichina cha kale, lugha ya elimu na ya utawala huko Đại Việt. Msomaji wa leo anaweza kuona ajabu mtu kujitangazia uhuru kwa lugha ya aliyemtawala, lakini watunzi wenyewe hawakuona tatizo. Mfano mzuri ni Phạm Ngũ Lão, jemadari wa enzi ya Trần, nasaba ya wafalme wa Đại Việt, aliyepigana na Wamongolia. Katika shairi lake fupi anajieleza akiwa ameshika mkuki, ameilinda milima na mito miaka na miaka, jeshi lake lina nguvu za simbamarara. Ukitegemea majigambo, yanakatika hapo. Anasema mwanamume ambaye bado hajalipa deni lake la utumishi huona haya akisikia watu wakimsimulia Vũ Hầu. Na Vũ Hầu ni nani? Ni Zhuge Liang, waziri mashuhuri wa China ya karne ya 3! Jemadari aliyewazuia wavamizi kutoka kaskazini anajipima kwa shujaa wa kaskazini. Uzalendo wao haukuwa chuki dhidi ya utamaduni wa jirani. Walichokikataa ni jeshi lake.

Trần Quang Khải naye, ndugu wa kifalme, alitunga maneno ishirini tu mwaka 1285 akimsindikiza mfalme kurudi Thăng Long, mji ambao leo ni Hanoi, baada ya Wamongolia kufukuzwa. Mishororo miwili inataja ushindi wa Chương Dương na wa Hàm Tử. Miwili inayofuata inasema sasa kuna amani, tufanye bidii, ili milima na mito hii idumu milele. Kwangu hili ndilo bora kuliko yote ya enzi ya Trần. Vumbi la vita halijatua na mtu tayari anawaza kazi ya kesho.

Sasa tuje penye ugumu. Ikiwa mfalme na nchi ni kitu kimoja, mfalme akiwa mbaya unafanyaje? Đặng Dung alikutana na swali hilo nyumbani kwake. Baba yake, Đặng Tất, aliongoza vita dhidi ya Waming, na mwaka 1409 aliuawa kwa amri ya mfalme yule yule aliyekuwa akimpigania. Mwana hakwenda kwa adui. Alijitenga na mfalme huyo, akashirikiana na wenzake kumtawaza mwingine wa ukoo wa Trần, vita vikaendelea. Kupigana bila mfalme hakukuwazika. Katika shairi lake maarufu analalamika kwamba kisasi cha nchi hakijalipwa na kichwa kimeshaota mvi, na kwamba ameunoa upanga wake chini ya mbalamwezi mara zisizohesabika. Alikufa mwaka 1414 baada ya kukamatwa na Waming.

Aliyeipanua dhana hii kuliko wote ni Nguyễn Trãi (1380–1442), mshauri wa Lê Lợi, kiongozi wa vita vilivyowaondoa Waming. Tangazo lake la ushindi la mwaka 1428, Bình Ngô đại cáo, ni nathari yenye mapigo ya kishairi, na linaanza na raia: utu na haki ni kuwapa watu utulivu. Ndipo anapoeleza nchi ni nini. Ina ustaarabu wake wa tangu zamani, ina milima, mito na mipaka yake, ina desturi zisizofanana na za kaskazini, ina nasaba zake za wafalme zilizotawala sambamba na zile za China. Mbingu haikutupwa, lakini hati sasa ina watu ndani yake. Nguyễn Trãi alitunga pia kwa lugha ya Kivietnam, kwa maandishi ya Nôm, na katika shairi mojawapo anasema mapenzi na mahangaiko yake ya zamani yanafurika usiku na mchana kama maji ya bahari yanapojaa. Mwaka 1442 kiti cha enzi alichokitumikia kilimwua pamoja na jamaa zake, akisingiziwa kifo cha mfalme. Lê Thánh Tông, mfalme aliyekuwa mshairi pia, alimsafisha jina mwaka 1464.

Mfalme huyo huyo, mwaka 1471, aliiteka Vijaya, mji mkuu wa Champa upande wa kusini, na kuimega nchi hiyo. Lý Thường Kiệt mwenyewe alishiriki vita dhidi ya Champa mwaka 1069, miaka michache kabla ya ile ya Như Nguyệt. Vitabu vya shule hupenda kuliita shairi la mtoni tamko la kwanza la uhuru, na kwa kumwelekea jirani wa kaskazini jina hilo linafaa. Kwa Wacham, mipaka iliyokatwa na mbingu ilikuwa ikisogea.