Ukiharibu kura, humharibii mgombea hesabu

Kila kampeni ya urais Kenya, wapiga kura waliochoshwa na serikali na upinzani vilevile huambizana: "Tukiharibu kura, hakuna atakayefika asilimia 50 na kura moja." Si kweli.

Chanzo cha imani hiyo naona kinaeleweka. Katiba, kifungu cha 138, inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya "kura zote zilizopigwa", na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Ukisoma hivyo tu, kura iliyoharibika nayo ni kura. Lakini mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura zilizokataliwa, yaani zilizoharibika, zisihesabiwe katika kutafuta asilimia. Uhuru Kenyatta, aliyetangazwa mshindi na tume ya uchaguzi, IEBC, kwa asilimia 50.07, angekuwa na takriban 50.5 kwa hesabu hiyo. Kwa hiyo karatasi uliyoichoracha kwa hasira haimvuti mtu chini ya nusu. Inatupwa kando, basi.

Je, kususia? Raila Odinga, mgombea wa upinzani, alijiondoa katika marudio ya uchaguzi wa urais ya Oktoba 26, 2017. Waliojitokeza hawakufika nusu ya waliosajiliwa, Kenyatta akapata asilimia 98, na mahakama ikauidhinisha ushindi huo. Sheria haina kiwango cha chini cha wapiga kura.

Mwaka 2022 William Ruto alimpita Raila kwa kura zipatazo 233,000. Waliosajiliwa lakini wakabaki nyumbani walizidi milioni 7.