Mashua haianikwi kama uwele

Mwezi uliopita kaja mteja wa nne mwenye mashua iliyozama. Katoka upande wa bwawa la Mtera na bodaboda, simu mkononi, ananionyesha picha ya mashua yake ndogo ya tanga imelala juu ya mwamba, tumbo juani. "Fundi, ilikaa chini ya maji misimu miwili. Nimeianika wiki tatu, imekauka safi. Wewe njoo utie kalafati tu." Yaani nizibe nyufa za kati ya mbao kwa pamba. Nikaikuza ile picha. Kati ya ubao na ubao, mwamba unaonekana kwa nyuma.

Basi niliseme mara moja.

Eti jua la Dodoma ni kali, litaikausha vizuri. Ni kali kweli, na hapo ndipo taabu ilipo. Mbao iliyolowa ina maji ya namna mbili: yaliyojaa kwenye matundu yake, na yaliyonywewa na nyuzi zenyewe. Yale ya kwanza yakitoka, ubao unapungua uzito tu. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, nyuzi nazo zinaanza kutoa maji yake, na hapo ubao unasinyaa. Sasa uweke juani mwezi wa tisa, na ule upepo wetu usiolala. Ngozi ya nje inasinyaa wakati ndani bado chepechepe. Nje inavuta, ndani inakataa, na inayopasuka ni ya nje. Mpasuko huanzia kwenye vichwa vya mbao, kwa sababu maji hutokea huko haraka kuliko ubavuni. Ufa wa namna hiyo haurudi, hata ukiiloweka mashua mwaka mzima.

Fanya hivi. Kumba maji yote, osha tope, kwangua rangi ya ndani ili mbao ipumue. Iinue juu ya magogo, mkuku, ule uti wa chini wa mashua, ulale sawa na mbavu zishikiliwe pande zote mbili, maana mashua iliyolowa ni nzito na ikikaa vibaya itapinda na kukaukia hapohapo. Iweke chini ya mkwaju au kibanda cha nyasi. Vichwa vya mbao vipake rangi yoyote iliyobaki nyumbani. Upande unakotoka upepo, tundika magunia, na wiki za mwanzo uyamwagie maji asubuhi. Najua utacheka: unakausha huku unamwagia maji! Cheka, lakini mwagia.

Utajuaje imekauka? Usiniambie umeigusa kwa kiganja. Ng'oa ubao wa kukalia, uuweke ndani ya mashua ukauke pamoja nayo, na kila Jumamosi upeleke dukani ukapimwe kwenye mizani ya unga. Andika kilo ukutani kwa mkaa. Jumamosi tatu mfululizo uzito usipobadilika, niite. Mbao ya inchi moja inachukua miezi, na mninga una nafuu kwa sababu hausinyai sana.

Dhana ya pili ni mtoto wa ile ya kwanza: nyufa za kati ya mbao zikishatokea, zijazwe pamba mpaka zikaze kabisa. Ubao mkavu utavimba tena ukirudi majini. Ukiwa umeshindilia pamba ikakosa pa kwenda, mbao zinasukumana zenyewe kwa zenyewe. Niliwahi kuletewa mashua iliyofanyiwa hivyo: misumari ilikuwa imechomoka kwenye mataruma (mbavu za ndani) matatu, na taruma moja limekatika katikati. Mwenyewe alidhani kagonga kisiki. Pamba ichovywe mafuta, ipigwe taratibu, ibakie nafasi.

Kwamba kuzama ndiko kumeiozesha? Hapana. Ukungu unaoozesha mbao unataka maji na hewa kwa pamoja. Tazama miti iliyokufa imesimama ndani ya bwawa la Mtera tangu maji yalipoifunika, zaidi ya miaka 40 sasa: inalika kwenye usawa wa maji, pale panapolowa na kukauka. Mashua yako itaoza ukiitoa ukaiacha wazi masika mazima, maji ya mvua yamesimama kwenye mkuku.

Saruji kwenye nyufa: usithubutu. Saruji haivimbi wala haisinyai na mbao, kwa hiyo inaachia, na maji yanajificha nyuma yake.

Lami ndani na nje wakati mbao bado mbichi ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba.

Wenye boti za faiba nao huja kuniuliza waitoboe ichuruzike. Itachuruzika, ila lile sponji la kuelea lililofungiwa ndani likishanywa maji halikauki kwa kutobolewa. Likatwe, litolewe, liwekwe jipya.

Na mwisho kuna wale wa siku ya kushusha. Mashua imekarabatiwa, inaingia majini, baada ya nusu saa miguu inalowa, simu inalia: "Fundi, umeniharibia!" Mzee wangu, mbao kavu lazima inywe maji kwanza ndipo ivimbe na kufunga. Ishushe tupu, bila tanga wala nyavu, ifunge kwenye kisiki mahali maji yanafika kiunoni, ilale hapo siku mbili. Ikumbe. Ikiendelea kuvuja siku ya tatu, hapo nipigie.