Botoneki si ugonjwa wa prosesa

Juzi binamu yangu alinitumia ujumbe wa sauti, kajaa wasiwasi. "Kaka, nimeambiwa kompyuta yangu ina botoneki ya asilimia 17. Sasa nibadilishe prosesa au kadi ya grafiki?" Nikamuuliza: asilimia 17 ya nini? Kimya. Kumbe kuna kikokotoo alichoandikia jina la prosesa na jina la kadi, kikamtemea namba hiyo. Hakikumuuliza anacheza gemu gani, skrini yake ina rezolusheni ipi, yaani nukta ngapi za picha, wala mipangilio ya picha ameiweka juu au chini. Ni sawa na kukadiria muda wa safari kwa kutazama gari tu, bila kuuliza linakwenda wapi.

Maana yenyewe ni fupi. Botoneki ni ile hatua ya kazi ambayo, kwa wakati huo, inapitisha kidogo kuliko nyingine zote, kwa hiyo yenyewe ndiyo inayoamua mwendo wa kazi nzima. Kwenye gemu, prosesa huandaa kila fremu, yaani kila picha moja katika mfululizo unaouona kwenye skrini: nani yuko wapi, risasi imempata nani, nini kichorwe. Kisha kadi huchora. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu. Wawili hawa hupokezana, huyu akichora hii, yule anaandaa ijayo, na anayechelewa ndiye anayemsubirisha mwenzake. Prosesa ikitumia milisekunde 9 na kadi 16, mwendo ni wa 16, na zile 7 prosesa inakaa bure.

Sasa neno. Ni Kiingereza, maana yake shingo ya chupa. Mwishoni mwa karne ya 19 wenyewe walilitumia kwa sehemu nyembamba ya njia, pale watu na magari hubanana, na baadaye likahamia viwandani. Kwenye kompyuta, mmoja wa waliolitumia ni John Backus, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, ambaye katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya fani hiyo, mwaka 1977 aliiita hivyo njia moja nyembamba iliyo kati ya prosesa na kumbukumbu, ambamo kila kitu hupita kidogo kidogo kwa zamu. Lawama zake hazikuwa kwamba prosesa ni mbovu au kumbukumbu ni mbovu. Alikuwa anazungumzia njia, na mpango mzima uliojengwa juu ya njia hiyo.

Kinachonikera ni jinsi tunavyolitafsiri. Wengi husema "kikwazo". Kikwazo kinatokana na kukwaa: ni jiwe lililoachwa njiani, ukiliondoa unapita. Shingo haiondolewi. Chupa isiyo na shingo ni bakuli. Ukiipanua hapa, penye wembamba zaidi patakuwa pengine, na hapo ndipo patakuwa shingo mpya. Kompyuta isiyo na botoneki kabisa ingetoa fremu zisizo na idadi, na hakuna anayeiuza. Mimi ningechagua "mlango" kuliko "kikwazo", kama tunavyosema mlango-bahari: maji ni yale yale, ila hapo ndipo yanapobanwa. Ubaya wa "kikwazo" ni kwamba kinamfanya mtu atafute mkosaji, na mkosaji akishapatikana anauzwa.

Ndiyo maana utasikia "prosesa hii ni botoneki", kana kwamba imezaliwa nayo. Lakini hali hiyo huhama. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Ya 3840 kwa 2160 ina 8,294,400, mara nne kamili. Mzigo huo wa nyongeza karibu wote huiangukia kadi, maana kwa prosesa adui ni yule yule na ukuta ni ule ule, hata vichorwe kwa nukta ngapi. Basi kompyuta ile ile, bila kufunguliwa hata skrubu moja, asubuhi shingo iko kwenye prosesa na jioni, baada ya kubadili rezolusheni, iko kwenye kadi.

Kuna na wale wanaofungua kidirisha cha matumizi, wanaona prosesa iko asilimia 30, wanasema "prosesa haina tatizo". Asilimia hiyo ni wastani wa viini vyote, yaani sehemu za prosesa ambazo kila moja hufanya kazi kivyake. Prosesa yenye viini 8, kimoja kikielemewa mpaka kujaa na vingine vikilala, itaonyesha asilimia 12.5, na gemu itakuwa inamsubiri huyo mmoja. Na wengine huogopa kuona kadi iko asilimia 99. Mwache! Umeinunua ichore, inachora.

Nilimwomba binamu afanye jaribio lisilogharimu kitu: ashushe rezolusheni, mengine ayaache kama yalivyo, atazame fremu. Zikipanda, kadi ndiyo ilikuwa imebanwa. Zisipopanda, tafuta upande wa prosesa. Alianza na gemu ya mpira. Fremu 60, akashusha, 60, akashusha tena, 60 ile ile, na kadi iko asilimia 52. Akaniandikia kwa herufi kubwa kwamba prosesa imekufa. Nikamwambia namba iliyonyooka hivyo haitokani na kifaa kinachohangaika. Anayehangaika hupandisha na kushusha, 57, 63, 59. Kumbe skrini yake ni ya Hz 60, yaani huonyesha picha mara 60 kwa sekunde, na gemu imefungwa ifuate mwendo wa skrini. Alipolegeza kifungo hicho fremu zikapanda mpaka 97. Prosesa na kadi zote zilikuwa zinapumzika. Shingo ilikuwa skrini, kifaa ambacho kile kikokotoo hakikukigusa kabisa.

Gemu ya pili ni ile ya kujenga mji. Mji wake umeshakuwa mkubwa, na kila raia anahesabiwa anakokwenda. Fremu 34. Akashusha rezolusheni, 34, 35, 33. Hapo ni prosesa kweli, na kama gemu hiyo ndiyo anayoikesha, pesa yake iende huko. Kadi mpya ingemletea picha nzuri zaidi, kwa fremu 34 zile zile.

"Kwa hiyo nina botoneki mbili?" akauliza.

Una kompyuta moja na gemu mbili, mdogo wangu. Sema "kwenye gemu ya mji, shingo ni prosesa", nitakuelewa mara moja. Ile asilimia 17 kamrudishie aliyekupa.