GIS hapa Lamu: tunayoyaamini na yalivyo kweli

Ati GIS, yaani mfumo wa kompyuta wa taarifa za mahali, ni kuchora ramani. Hapana jamani, ramani ni mwisho wake tu, kazi yenyewe ni kupanga taarifa tabaka juu ya tabaka alafu kuziuliza maswali. Chukua maji: mji wa Lamu unategemea visima vya kwenye vilima vya mchanga kule Shela, sasa ukiweka tabaka la visima, la vilima, la viwanja vilivyopimwa na la vyoo vya shimo, papo hapo unaona nani kajenga juu ya maji ya wenzake. Ramani ya ukutani haikwambii hayo.

"Lazima uwe na pesa." Wapi! QGIS, programu ya kufanyia kazi hio, ni bure, ilianza 2002, na picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure pia. Gharama iko miguuni, manake mtu lazima atembee, aulize, aandike.

Hii nyingine ndio inanichosha zaidi: "simu imesema ni hapa, basi ni hapa." Penye mbingu wazi simu hukosea mita chache tu, lakini ingia vichochoro vya Mkomani, mtaa wa mji wa kale, uone, kuta ndefu za mawe zinarudisharudisha mawimbi ya setilaiti na nukta yako inahamia kwa jirani. Na kuna balaa kubwa kuliko hio ambalo hata wasomi wanaliruka: ramani nyingi za zamani za Kenya zilijengwa kwa mfumo wa Arc 1960, simu zetu zinatumia WGS84, yaani mifumo miwili tofauti ya kupimia mahali kwa namba, na namba zile zile ukizisoma kwa mfumo usio wake unakosea kama mita 300. Mita 300 kwa Lamu si mchezo, msikiti wa ufukweni unaweza kuukuta uko baharini kwenye skrini, na bora hapo manake utashtuka, je nukta ikiangukia shamba la mtu, nani atajua?

Wengine wanadhani setilaiti inaona kila kitu. Pikseli moja ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10 ikiwa safi kabisa, na vichochoro vyetu vingine punda wawili hawapishani, utaviona wapi? Mikoko inaonekana vizuri, na Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya kwa hivyo ni kazi ya maana, ila kutofautisha aina za miti yake, huu mkoko huu mkandaa, kwa picha hizo ni shida, mkata boriti atakwambia bila kufungua laptopu.

Alafu ile ya "ramani imetoka kaunti, mambo yameisha". Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wa miaka 10 wa matumizi ya ardhi uliojengwa kwa GIS, na sheria hio hio inataka wananchi washirikishwe. Si bila sababu. Mfumo unajua kile ulichotiwa tu, na maeneo ya uvuvi hayana hati wala vigingi, kwa hivyo kama hakuna aliyekaa na manahodha akaandika wanavua wapi wakati wa kusi na wapi wakati wa kaskazi, kwenye skrini patakuwa buluu tupu, na mpangaji akiona buluu tupu anajichorea gati lake bila wasiwasi.